Altezza ya kutembelea kila siku: mwongozo kamili wa kuinunua, kuirudisha sawa na kuitunza hapa Dar

Ukitaja Altezza mbele ya watu wengi wanafikiria mambo mawili tu, eksozi inayoamsha mtaa usiku na gari iliyoshushwa mpaka inakwangua kila tuta. Mi naongelea gari yenyewe kama ilivyotoka kiwandani. Toyota waliitoa Oktoba 1998, ikabeba tuzo ya Gari la Mwaka Japani 1998-1999, wakaendelea kuiunda mpaka 2005, na Ulaya iliuzwa kama Lexus IS200. Injini iko mbele, tairi za nyuma ndo zinasukuma, miguu yake mbele na nyuma ni ya wishiboni mbili mbili (kila tairi limeshikwa na mkono wa juu na wa chini), yani ni gari iliyotengenezwa na watu waliokuwa wanapenda kuendesha. Na ina milango minne na buti, kwahiyo mtoto anaenda shule na gunia la mchele linaingia.

Inawezekana kabisa kwenda nayo kazini kila siku. Altezza nyingi zinazokufia gereji haziuliwi na uzee, zinauliwa na mpangilio wa matumizi: hela ya kwanza inaenda kwenye rimu na mziki, boljointi (kiungo cha duara kinachoshika tairi kwenye mkono wake) na rejeta vinasubiri mwezi ujao, na mwezi ujao haufiki. Mwongozo huu wote ni kuhusu nini kianze na nini kifuate.

Hatua ya 1: jua ni Altezza ipi unanunua

Usisome beji ya nyuma, beji inabandikwa na mtu yeyote. Soma namba ya chesesi. Ikianza na SXE10 hiyo ni RS200, injini 3S-GE ya silinda 4, lita 2, VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, manyuo ya gia 6 ina nguvu za farasi 210 na otomatiki ya gia 5 ina 200. Ikianza na GXE10 ni AS200, injini 1G-FE, silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja, lita 2 vilevile ila farasi 160.

Kwenye karatasi kila mtu anataka RS200. Sasa ngoja, zile farasi 210 zinapatikana kwenye mzunguko wa 7,600 kwa dakika na foleni ya Kimara hauendi huko hata siku moja. AS200 ni tulivu, inavuta taratibu tangu chini, haitetemeki, na kwa mtu wa nyumbani-kazini-nyumbani mi ningemshauri hiyo bila kusita. RS200 nunua kama umepata manyuo ambayo haijachokonolewa na wewe mwenyewe unapenda kushika gia, hapo utaifurahia kila asubuhi barabara ikiwa wazi.

Kuagiza kutoka Japani bado inawezekana kwa Tanzania ila gari za umri huu zina ushuru wa ziada kwa uchakavu, piga hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hela. Wenzetu Kenya sheria ya miaka 8 imeshafunga mlango, huko unanunua iliyoko ndani tu. Wengi wetu tutaishia kununua ya mkononi, na ya mkononi ina mambo yake.

Hatua ya 2: ukaguzi kabla hujatoa hela

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye boneti, kama ina moto ujue imeshapashwa ili ukelele wa asubuhi usiusikie, rudi siku nyingine. Injini ya baridi ndo inasema ukweli: mlio wa kugonga unaoendelea hata baada ya oili kupanda, moshi wa bluu, kukohoa. Iache isilensi (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika 10 afu kanyaga mafuta mara moja mtu akiwa nyuma anaangalia, wingu la bluu hapo maana yake inakula oili, bei ishuke sana au uondoke.

Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake, wote utoke nje. Watu wanafua siti, wanafua kapeti, wanapulizia manukato, ila hakuna anayekumbuka kufua mkanda mpaka kule ndani. Ukikuta mstari wa tope au rangi imebadilika sehemu ya chini, gari imewahi kulala kwenye maji, na kwa mji wetu huu wa Jangwani na Msasani hilo sio jambo la kufikirika. Gari iliyozama itakusumbua umeme maisha yake yote, achana nayo hata kama wanakupa kwa bei ya bajaji.

Lala chini uangalie springi kama zimekatwa. Springi ya kukatwa na msumeno ina ncha butu ambayo haikai vizuri kwenye kikombe chake, na aliyekata springi ujue hajaishia hapo. Angalia kutu kwenye chesesi na kwenye viungio vya miguu, gari zilizotoka sehemu za theluji huko Japani zinakuwa zimekula chumvi ya barabarani miaka mingi. Mwisho linganisha namba ya injini na iliyoko kwenye kadi. Altezza nyingi zimeshabadilishwa injini, sio dhambi, ila kama kadi haijabadilishwa hilo tatizo unalinunua wewe.

Chukua fundi wako, sio wa muuzaji. Mlipe siku yake hata kama hujanunua.

Hatua ya 3: mguu wa mbele, kabla ya kitu kingine chochote

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili ni hii. Boljointi za chini za mbele ndo ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwenye hii gari, Lexus IS200 za Uingereza zinafelishwa ukaguzi kwa hicho hicho. Ikichomoka tairi linalala pembeni na bawa linakunjika, na ikitokea uko spidi 80 Bagamoyo Road huna usukani tena.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi wanaipima vibaya. Wanapiga jeki kwenye chesesi, tairi linaning'inia, wanalitikisa juu na chini, hawaoni kitu wanasema nzima. Kwenye Altezza springi inasimama juu ya mkono wa chini, kwahiyo gari ikining'inia springi inausukuma ule mkono kwenda chini na boljointi inabanwa upande mmoja, ulegevu unajificha. Namna sahihi: weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu kabisa na tairi, inua mpaka tairi liachane na ardhi kidogo tu. Weka stendi pembeni kwa usalama. Afu ingiza mtaimbo chini ya tairi, mtu mmoja anyanyue na kuachia taratibu, wewe shika pale boljointi inapoungana kwa vidole. Mchezo wowote utausikia kwenye vidole kabla hujauona kwa macho. Angalia na ile buti ya mpira inayofunika boljointi, ikichanika vumbi na maji vinaingia, hata kama leo haina mchezo hesabu kwamba imeshakwisha.

Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, na hapa usinunue ya bei ya chini kabisa, chukua ya Toyota au ya kampuni ya Kijapani inayojulikana. Ukimaliza angalia tairodi na bushi za mikono, afu nenda alaimenti (kunyoosha tairi zikae sawa). Gari ikiwa inavuta upande au inakula tairi kwa ndani, jibu karibu kila mara liko humo.

Hatua ya 4: kupoza injini

Joto la Dar na foleni ni mtihani ambao Toyota hawakuupanga hivo kwa gari ya umri huu. Rejeta za zamani zina matenki ya plastiki juu, plastiki ikizeeka inageuka rangi ya kahawia na inapasuka bila kukupa taarifa. Ukiona kahawia badilisha, usingoje. Kama ni otomatiki kuna sababu ya pili, oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, ikitoboka kwa ndani maji na oili vinachanganyika unapata kitu cha pinki kama milkisheki ya stroberi na giaboksi inakufa nayo.

Badilisha na mipira yote ya maji, kifuniko cha rejeta na thamostati (valvu inayofungulia maji injini ikishapata joto). Fundi akikwambia ngoja nikutolee thamostati gari ipoe zaidi, mkatalie kwa adabu lakini mkatalie. Bila thamostati injini haifiki joto lake, komputa inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unalipia wese na injini inachakaa. Gari inayopona kwa kutolewa thamostati ina ugonjwa mwingine ambao haujatafutwa, aidha rejeta imeziba, aidha feni haivuti.

Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, sio maji ya bomba. Najua hakuna barafu hapa, kulanti kazi yake kwetu ni kuzuia kutu ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Na usiiamini sana mishale ya joto ya Toyota za miaka ile, inakaa katikati kwa muda mrefu hata joto likipanda, ikianza kusogea juu ya katikati ujue umeshachelewa, paki hapohapo uzime.

Hatua ya 5: taiming belti

Injini zote mbili zinatumia belti, sio cheni, na muda wake ni kilomita 100,000. Wajapani wana utaratibu mzuri, wakibadilisha wanabandika stika kwenye injini yenye tarehe na kilomita. Itafute. Hujaiona? Chukulia haijawahi kubadilishwa, na usitegemee odometa maana kwenye gari za mkononi odometa inarudishwa. Belti ikikatika kwenye injini hizi pistoni zinakutana na valvu, na hapo unaongelea kufungua silinda hedi yote.

Ukifungua fanya vyote kwa mara moja: belti, tenshona, beringi zake, pampu ya maji, sili za kamshafti na ya kranki. Kazi kubwa ni kufungua na kufunga, spea zenyewe haziongezi sana, kwanini ulipe ufundi mara mbili. Andika tarehe na kilomita kwa peni ya rangi kwenye kava, atakayekuja baada yako atakushukuru.

Hatua ya 6: oili, plagi na hewa

Mwaga oili kila kilomita 5,000, kwa foleni zetu mi naona hata 4,000 ni sawa kabisa kwasababu injini inazunguka masaa mengi odometa imesimama. 5W-30 ni sawa, na kama injini imeshatembea sana 5W-40 au 10W-40 inaifaa kwa joto hili. VVT-i inaendeshwa na presha ya oili kupitia valvu ndogo yenye chujio jembamba mno, oili ikigeuka tope chujio linaziba, gari inapoteza nguvu au isilensi inapanda na kushuka, na watu wanaanza kubadilisha sensa ambazo hazina shida. Vua valvu hiyo, isafishe na klina ya breki, ibadilishie oring, irudishe.

RS200 pima oili kwa dipstiki kila wiki, asubuhi, sehemu tambarare. Kuna nyingine zinakunywa oili kidogo kidogo na taa ya oili haikwambii kiwango kimepungua, inakwambia presha imeisha, hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Plagi weka iridiamu orijino, koili kwenye RS200 ziko 4, kila silinda na yake, ikianza kumisi hamisha koili silinda moja kwenda nyingine uone kama misi inahama nayo, umejua mbovu ni ipi bila kununua zote nne. Safisha thrato bodi. Filta ya hewa ya karatasi ya kawaida inatosha, vumbi letu linapita kwenye hizo filta za wazi za kimichezo na zinavuta hewa ya moto ya kwenye boneti juu yake.

Otomatiki: oili ya giaboksi tumia ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu au dipstiki. Usiruhusu wakaisukume na mashine kama haijabadilishwa miaka mingi, mwaga ya kwenye sampo (bakuli la chini ya giaboksi), jaza, tembea wiki mbili tatu, rudia, mpaka itoke na rangi nzuri.

Hatua ya 7: breki

Kaliper za nyuma, zile zinazobana pedi kwenye diski, zinaganda. Namna ya kujua ni rahisi, tembea kama kawaida bila kukanyaga breki sana, paki, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa diski. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake hiyo inashika. Vua zile pini za kuteleza, safisha, paka grisi ya breki ya silikoni, usipake grisi ya beringi maana inavimbisha mpira na baada ya muda pini inakwama kuliko mwanzo. Maji ya breki badilisha kila miaka miwili, yanafyonza unyevu na Dar unyevu upo mwaka mzima.

Hatua ya 8: tairi na urefu wa gari

Nyingi zinakuja na 215/45R17. Zinapendeza. Ila fanya hesabu hii: ukuta wa tairi hiyo ni milimita 97 hivi, ukiweka 205/55R16 ukuta unakuwa karibu 113, na kipenyo cha nje kinatofautiana kwa asilimia 1 tu kwahiyo spidomita haidanganyi. Milimita 16 zaidi za mpira kati ya rimu yako na shimo la Mandela Road. Rimu ya inchi 16 yenye nati 5 za 114.3 inapatikana kirahisi, ila ijaribishe kwanza mbele uone haigusi kaliper.

Soma tarehe ya tairi, namba 4 za mwisho ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Kuna tairi za mtumba zina kashata (meno ya juu) nzuri ila zina miaka 10, na gari inayosukuma kwa nyuma kwenye lami iliyolowa haikusamehi tairi gumu. Shokapu zikifa nunua za urefu wa kawaida. Kuishusha gari unayopita nayo kwenye matuta kila siku ni kuivunja kwa awamu.

Hatua ya 9: kuishi nayo

Mafuta: RS200 manyuo ina kompresheni (kiasi inavyobana hewa na mafuta) ya 11.5 kwa 1 na Japani ilikuwa inanyweshwa petroli ya oktani karibu 100. Yetu iko chini ya hapo. Komputa ina sensa inayosikia injini ikigonga na inajirekebisha, unapoteza nguvu kidogo, sio shida, ila usiibebeshe mlima kwenye gia kubwa ukiwa mzunguko wa chini, shusha gia. Jaza kituo chenye wateja wengi na usiache tenki likae kwenye taa, pampu ya mafuta inapozwa na mafuta yaliyoizunguka.

Mvua: hii gari iko chini. Maji yakifika katikati ya rimu ya gari iliyo mbele yako, geuza. Injini ikivuta maji, maji hayabaniki kama hewa, konrodi inapinda pale pale. Na ikizimikia ndani ya maji usipige stata hata mara moja, isukumeni nje.

Redio ya Kijapani inaishia 90 FM na sisi stesheni zetu zinafika 108. Nunua redio mpya na soketi yake ya Toyota uunganishe bila kukata waya hata mmoja, umeme wa Altezza nyingi umeharibiwa na fundi wa redio.

Taa za nyuma, zile za kioo cheupe zilizoigwa dunia nzima mpaka Marekani taa za aina hiyo zikaitwa kwa jina la hii gari, zinatafutwa na wezi. Chonga namba ya gari kwenye taa na sait mira zote wiki hiyohiyo unayonunua.

Hatua ya 10: fundi na spea

Tafuta fundi mmoja wa injini na mmoja wa umeme, baki nao. Fundi mzuri wa Altezza utamjua kwa maswali, anauliza kabla hajashika spana. Akikimbilia kupiga mashine ya kusoma komputa ya gari, ujue vimashine vidogo vya blutuu vingi havisomi Toyota za Japani za miaka hiyo, mtafute mwenye mashine inayosoma itifaki za Toyota za zamani.

Spea Kariakoo na Gerezani zipo, nenda na namba ya chesesi na spea ya zamani mkononi, usiseme tu "nataka ya Altezza" maana ya SXE10 na ya GXE10 haziingiliani kwenye mambo mengi. Vitu vya kuvaa kama boljointi, belti, pampu na pedi nunua vipya. Mtumba wa Japani au wa Sharjah ni mzuri kwa vioo, taa, milango, hata giaboksi ukiwa na mtu wa kuichagua. Wenzetu Nairobi wanaenda Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka.

Kuhusu kuweka 1JZ au 2JZ, zile injini kubwa za Toyota za silinda 6: ni mradi mzuri kwa gari ya wikiendi. Gari ya kwenda nayo kazini iache na injini yake, kila kitu kimeshapangwa kwa ajili yake, na ukibadilisha injini lazima namba mpya iingie kwenye kadi TRA.

Bima ulizia mapema, makampuni mengine hayatoi bima kubwa kwa gari ya umri huu au yanataka ukaguzi, na ukichelewa unabaki na ndogo.

Kabla ya safari ndefu

Ukitaka kwenda nayo Iringa au Moshi, wiki moja kabla rudia hatua ya 3, 4 na 7, hizo tatu tu, usianze kubadilisha vitu vipya siku moja kabla ya kuondoka maana spea mpya ikiwa na kasoro inajionyesha kwenye kilomita za mwanzo. Mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, ukiwa unashuka weka gia ndogo tangu juu, injini ikushike, breki ziguse kidogo kidogo. Kwenye buti kaa na lita 1 ya oili ileile unayotumia, kulanti, belti ya altaneta, koili moja ya akiba, mpira wa juu wa rejeta, jeki inayoingia chini ya gari hii ilivyo chini, na tairi la akiba ambalo umelipima upepo mwenyewe.